Siku Kisumu Ilipopotea: Mwongozo Kamili wa Kutunza Maktaba Huria ya Utafutaji Iliyoandikwa kwa Java

Simu iliingia saa mbili asubuhi nikiwa sokoni Kibuye, mjini Kisumu, nasubiri chai na mandazi. "Kijana wangu," akasema yule mama, "Kisumu imepotea."

Ni mama anayetunza kumbukumbu za mikutano katika ofisi moja hapa mjini. Kompyuta yake hutafuta kumbukumbu hizo kupitia maktaba ndogo niliyoiandika mimi. Jioni iliyotangulia fundi wao alikuwa ameweka toleo jipya, 1.2.1, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelitangaza kuwa marekebisho madogo tu. Sasa akiandika "Kisumu" anapata sifuri. Kakamega ipo. Siaya ipo. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna kilichokwama.

"Pole Mama, nipe saa moja," nikamwambia. Zilikwenda saba.

Ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye saa hizo saba na miaka iliyofuata. Ni kwa ajili ya mtu anayejua Java kiasi cha kuandika darasa na kuendesha Gradle (chombo cha kujengea programu), na ambaye ana maktaba ya utafutaji ambayo watu wengine wameanza kuitegemea, au anakaribia kuwa nayo. Nikisema maktaba nina maana ya msimbo ambao programu nyingine huuazima, si lile jengo la vitabu.

Kabla ya yote: jua kisu chako

Karibu kila utafutaji wa maandishi kwa Java umekaa juu ya Lucene. Doug Cutting aliianza mwaka wa 1999, ikahamia kwa shirika la programu huria la Apache mwaka wa 2001, na Lucene lenyewe ni jina la kati la mke wake. Mifumo ya utafutaji ya Solr, Elasticsearch na OpenSearch yote imejengwa juu yake. Maktaba yangu ni kijalizo chake: kichanganuzi cha Kiswahili, yaani sehemu inayopokea sentensi na kuikata iwe maneno yanayoweza kutafutwa. Nilipofungua folda ya lugha za Lucene mara ya kwanza nilikuta Kiarmenia, Kibaski na Kilatvia. Kiswahili sikukiona. Hapo ndipo kazi ilipoanzia.

Ndani ya Lucene kuna faharasa, na inafanya kazi kama faharasa ya nyuma ya kitabu cha shule: neno upande mmoja, kurasa lilipo upande wa pili. Hati inapoingia, kichanganuzi huikata na kila kipande huandikwa. Mtu anapotafuta, swali lake nalo hukatwa, kisha kipande kinacholingana hutafutwa. Maana yake ni kwamba kisu kilichokata hati siku ya kuandika lazima kiwe kilekile kinachokata swali siku ya kutafuta. Ukikinoa katikati, vipande havilingani tena, na hakuna atakayekuambia. Lucene haijui kwamba kisu kimebadilika. Inakujibu kwa adabu kabisa: matokeo 0.

Hivi ndivyo nilivyoipoteza Kisumu. Matoleo yangu ya kwanza yalikuwa yanakata *ki-* na *vi-* mwanzoni mwa neno, ili *kitabu* na *vitabu* vikutane. Na kweli vilikutana, pale kwenye *tabu*. Kisumu nayo ikakatwa ikawa *sumu*. Mtu mmoja akalalamika kwamba akitafuta habari za sumu ya panya analetewa kumbukumbu zote za mikutano ya Kisumu. Nikacheka, nikaiweka Kisumu kwenye orodha ya maneno yasiyoguswa, nikatoa 1.2.1. Faharasa ya yule mama ilikuwa imeandikwa *sumu* kila mahali. Swali lake sasa lilikuwa *kisumu*. Marekebisho yangu yalikuwa sahihi kabisa, na ndiyo yaliyomharibia kazi.

Hatua ya 1: Panga nyumba

Hii haina mambo mengi. Chukua leseni ya Apache 2.0, ileile ya Lucene, ili asiwepo wa kuuliza kama anaruhusiwa kuchanganya. Kuwa mwangalifu na orodha za maneno: usinakili kamusi ya mchapishaji, na usichukue maandishi ya Wikipedia ukayatia ndani ya jari yako (faili la JAR linalobeba msimbo wako uliojengwa), kwa sababu leseni yao ni nyingine na ina masharti yake.

Tengeneza matawi mawili. Lucene 9, iliyotoka Desemba 2021, inataka Java 11 kwenda juu. Lucene 10, ya Oktoba 2024, inataka Java 21. Ofisi nyingi hazihami haraka, kwa hiyo tawi la 9 litaishi kuliko unavyopenda. Lucene yenyewe usiifungie ndani ya jari yako. Itaje kama tegemezi, yaani maktaba ambayo yako inaihitaji, na umwache mtumiaji alete yake, la sivyo zitakutana mbili ndani ya programu moja na zitagombana. Wala usiongeze tegemezi lingine lolote kama unaweza kuliepuka. Moyo wa Lucene, lucene-core, hauna tegemezi la nje hata moja, na Desemba 2021, dunia nzima ilipokesha kuziba tundu la usalama la Log4j, maktaba ya Java ya kuandikia kumbukumbu za programu, nilielewa kwa nini.

Jambo moja la kwetu: ukishapakua tegemezi zote mara moja, endesha Gradle kwa `--offline`. Bando halitaliwa na mashine inayokwenda kuulizia kama kuna jipya.

Hatua ya 2: Shughulikia alama ya ng'

Kabla ya viambishi kuna jambo dogo litakalokupa malalamiko kuliko yote, nalo ni ile alama iliyo ndani ya *ng'ombe*. Kwetu Magharibi na Nyanza haiko kwenye ng'ombe tu: iko Ng'iya, iko Nyang'oma, iko kwenye majina ya watu nusu ya daftari.

Kibodi ya kompyuta huandika alama iliyonyooka. Simu na programu za kuandikia barua huigeuza kimyakimya ikawa iliyopinda. Wengine hubonyeza ile iliyo juu ya Tab. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa. StandardTokenizer, kikata maneno cha kawaida cha Lucene, huiacha *ng'ombe* nzima ikikutana na alama iliyonyooka au iliyopinda, lakini hayo yanakuwa maneno mawili yasiyojuana. Ile ya juu ya Tab ni mbaya zaidi, maana hukata neno katikati na kukuachia *ng* na *ombe*.

Dawa ni kuzisawazisha kabla ya kukata chochote:

```java
NormalizeCharMap.Builder b = new NormalizeCharMap.Builder();
b.add("\u2019", "'");
b.add("\u2018", "'");
b.add("\u02BC", "'");
b.add("`", "'");
NormalizeCharMap ramani = b.build();
```

Ramani hiyo ipe MappingCharFilter ndani ya `initReader` ya kichanganuzi chako. Kisha ifanye tena ndani ya `initReaderForNormalization`. Hapa wengi huteleza, nami niliteleza. Njia ya kwanza hutumika kwa maandishi ya kawaida, ya pili kwa maswali yenye nyota kama `ng'o*`. Ukisahau ya pili, mtu wa kompyuta atapata ng'ombe wake na mtu wa simu atakosa, na mtabishana siku mbili kila mmoja akiona ukweli wake.

Wale wanaoandika *ngombe* bila alama yoyote? Nimeamua kutowahudumia kwenye kichanganuzi chenyewe. *Ng* na *ng'* ni sauti mbili. Anayetaka kulegeza hivyo aongeze orodha ya visawe upande wake.

Hatua ya 3: Kata viambishi kwa woga

Wanafunzi wa kompyuta wakiniandikia, wengi huja na wazo moja: orodha ya viambishi na kitanzi kinachovikata hadi viishe. Kwa Kiingereza unaweza kuponea hapo. Kwa Kiswahili utaumia, kwa sababu viambishi vyetu ni vifupi na vinafanana na mwanzo wa maneno halali.

Chukua kanuni inayoonekana salama: kata kiambishi cha mtenda kikifuatiwa na cha wakati, kama *a-na-*, *wa-li-*, *u-ta-*. Inafanya kazi kwa *anapika*, *walilima*, *utasoma*. Sasa ipe *utamaduni*. Itakata *u-ta-* na kukuachia *maduni*. *Utafiti* unakuwa *fiti*. *Utawala* unakuwa *wala*. *Walimu* wanakuwa *mu*, na *walinzi* wanakuwa *nzi*. Hilo la mwisho lilinichekesha hadi nikakumbuka lipo kwenye kompyuta za watu.

Kitanzi ndicho kibaya zaidi. *Anatapika*: kata *a-na-*, inabaki *tapika*. Kitanzi kinarudi, kinaona *ta*, kinakata, inabaki *pika*. Mgonjwa anayetapika amehamia kwenye mapishi. Kama zahanati inatafuta kwa maktaba yako, huo si utani.

Baada ya kuumia nimefika kwenye taratibu hizi tatu, na nazishikilia.

Ya kwanza: kitenzi hakikatwi mpaka kilichobaki kiwe kwenye orodha ya mizizi. Kata *a-na-* na irabu ya mwisho kwenye *anapika*. *Pik* imo, sawa. Kata *u-ta-* kwenye *utamaduni*. *Madun* haimo, basi rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kata mara moja tu, hakuna kitanzi.

Ya pili: nomino haikatwi kabisa, inageuzwa. *Vitabu* inakuwa *kitabu*, *walimu* inakuwa *mwalimu*, *macho* inakuwa *jicho*, kwa jozi zilizoandikwa. Ni kazi ya mkono, ndiyo. Lakini jozi moja iliyoandikwa na mtu anayejua lugha inashinda kanuni kumi za kubahatisha. Nyingi za jozi zangu nimepewa na mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili kule Luanda, ile ya Vihiga, si ya Angola. Hajui Java hata kidogo. Ananitumia jedwali lenye safu mbili, umoja na wingi, na maoni makali pembeni. Ukitaka wachangiaji wa lugha, usiwalazimishe kujifunza Git, chombo cha kutunzia mabadiliko ya msimbo. Pokea jedwali.

Ya tatu: majina ya mahali yana orodha yake, nayo hupita kwanza. Lucene ina SetKeywordMarkerFilter kwa kazi hiyo. Ikishaweka alama kwenye neno, vichujio vinavyofuata vinapaswa kuangalia KeywordAttribute na kuliacha. Kisumu imo. Kitale imo, na Vihiga. Nakuru pia imo, tangu siku nilipojaribu kukata *na-* na kupata *Kuru*.

Kuhusu maneno ya kupuuzwa kama *ya*, *wa*, *kwa*: yapuuze, lakini usiiguse *si*. "Maji si salama" ikipoteza neno la katikati inasema kinyume chake.

Hatua ya 4: Acha mashine ikusumbue kabla ya watu

Ongeza lucene-test-framework upande wa majaribio, na majaribio yako yarithi BaseTokenStreamTestCase. Kuna njia moja humo, `checkRandomData`, ambayo inastahili sadaka. Hukirushia kichanganuzi chako maandishi ya ovyo ya kila aina: emoji, Kiarabu, herufi nusu, maandishi matupu. Hukagua pia kama umefuata utaratibu wa `reset`, `incrementToken`, `end` na `close`, na kama mahali neno lilipoanzia na kuishia pamehesabiwa sawa. Mara ya kwanza nilipoiendesha ilianguka kabla sijainua mkono kutoka kwenye kibodi.

Fremu hiyo pia hubadilisha lugha ya mashine kila inapoendesha. Siku moja jaribio lililokuwa likipita kwa miezi lilianguka. Orodha yangu ya mahali nilikuwa naisoma kwa `toLowerCase()` tupu, na siku hiyo bahati iliangukia Kituruki. Katika Kituruki, I kubwa ikishushwa haiwi i. Inakuwa ı isiyo na nukta. Isebania na Iten zikabadilika sura, na hakuna aliyeziona tena. Andika `toLowerCase(Locale.ROOT)` kila mahali, na uweke kikaguzi cha forbidden-apis kwenye Gradle ili ikukatalie ukisahau.

Jaribio likianguka, soma chini kabisa: kuna mstari unaoanza na "NOTE: reproduce with" wenye mbegu ya bahati nasibu. Nakili mstari huo kwenye tiketi (ripoti ya hitilafu) kabla ya kufanya lolote. Bila mbegu, hitilafu hiyo huenda usikutane nayo tena mwezi mzima.

Jaribio lililo muhimu kuliko yote sikulikuta kwenye fremu. Nililiandika baada ya siku ya Kibuye. Ni faili la maandishi, neno upande mmoja na jibu upande wa pili:

```
anapika     pik
anatapika   tapik
utamaduni   utamaduni
walimu      mwalimu
vitabu      kitabu
kisumu      kisumu
```

Yangu ina maneno elfu kadhaa. Jaribio hukata kila neno na kulinganisha. Mstari mmoja ukibadilika, ujenzi unakataa. Faili hili halikuambii kama jibu ni zuri. Linakuambia kwamba kisu kimebadilika, na hilo ndilo nilihitaji kulijua usiku ule kabla ya kubonyeza kutoa.

Hatua ya 5: Weka namba kwenye kisu

Maktaba nyingi hutumia namba tatu: kubwa kwa yanayovunja, ya kati kwa mapya, ndogo kwa marekebisho. Kwenye utafutaji utaratibu huo una mtego. Msimbo wa mtumiaji unajengwa bila kosa, majaribio yake yanapita, na bado umemvunja, kwa sababu kilichovunjika kiko kwenye diski yake, kimeandikwa mwaka jana.

Kwa hiyo mimi nina namba mbili zisizohusiana. Moja ni ya toleo. Nyingine ni ya kanuni za kukata: K1, K2, K3. Mtumiaji hutaja kanuni anapounda kichanganuzi:

```java
Analyzer a = new KichanganuziKiswahili(Kanuni.K2);
```

Hakuna njia ya kuunda bila kutaja. Watu wamenilalamikia kuhusu hilo. Wanataka nichague ya karibuni kwa niaba yao. Sikubali. Wazo si jipya: enzi za Lucene 3 na 4 vichanganuzi vyake vilidai Version kwenye mabano kwa sababu hiyohiyo. Baadaye waliliondoa kwa sababu zao, lakini wao wana jeshi la watu. Mimi nina jioni mbili kwa wiki.

Masharti yake ni haya. K2 ikishatoka haibadiliki hata herufi. Ukigundua imekosea neno, kosa linabaki K2 na dawa inaingia K3. Kila K ina faili lake la maneno la hatua ya 4. K ya zamani haifutwi hadi toleo kubwa lifuatalo, na tangazo la kuifuta linatoka toleo moja kabla.

Kisha mwandikie mtumiaji jinsi ya kuhama, kwa maneno ya fundi wa ofisini, si ya mtaalamu: fungua faharasa mpya kwenye folda nyingine, isomee hati zote kwa K3, ijaribu kwa maswali matano anayoyajua, ndipo abadilishe njia. Ya zamani asiifute wiki hiyo. Msisitizie kwamba hati za asili lazima ziwepo mahali. Faharasa si hifadhi. Kama maandishi kamili hayakuhifadhiwa, huwezi kuyakamua kutoka kwenye vipande.

Kuna pia mabadiliko yasiyo yako. Lucene 9 hufungua faharasa zilizoanzishwa na 8, lakini za 7 huzikataa. Ofisi iliyolala ikiruka kutoka 8 moja kwa moja hadi 10 itapokea IndexFormatTooOldException. Angalau huko kuna kelele. Nilipohamia 9, TokenFilterFactory ilikuwa imebadilisha kifurushi, na mstari mmoja wa `import` ulinifunga nusu siku kwa sababu nilikuwa nasoma maelezo ya toleo la zamani.

Hatua ya 6: Pokea malalamiko kama daktari

Ujumbe wa kawaida ni huu: "Mkuu, search yako imekufa." Usijibu kwa ukali, na usianze kukisia. Uliza mambo matano: toleo la maktaba na kanuni, toleo la Lucene, toleo la Java, sentensi moja iliyomo kwenye hati, na swali alilotafuta. Weka fomu ya tiketi inayoyauliza yenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Kisha fungua Luke. Ni programu yenye madirisha inayokuja na Lucene tangu toleo la 8.1, nayo hukuonyesha vipande vilivyomo ndani ya faharasa kama vilivyo. Saa tano kati ya zile saba nilizipoteza nikisoma msimbo wangu. Nilipofungua nakala ya faharasa ya yule mama kwa Luke, nikapanga maneno kwa wingi, *sumu* ilikuwa juu kabisa, ikizidi maji, barabara na soko. Dakika kumi. Sasa naanzia huko.

Malalamiko mengine hayakuhusu kabisa. Stima ikipotea katikati ya kazi, Lucene hurudi kwenye `commit` ya mwisho, yaani mara ya mwisho ilipoambiwa ihifadhi kwenye diski, na hati zilizoingia baada ya hapo hazipo. Mtu atasema maktaba imezila. Muulize anaita `commit` mara ngapi. Mara nyingi jibu ni "jioni". Akikuambia amesoma mahali kwamba CheckIndex, chombo cha Lucene cha kukagua faharasa, huitengeneza, mzuie kwanza. Ikiendeshwa bila nyongeza hukagua tu. Ukiipa `-exorcise` hutupa sehemu za faharasa zilizoharibika pamoja na hati zote zilizomo.

Hatua ya 7: Kasi, kwa ufupi

Kichujio chako kitaitwa mara moja kwa kila neno la kila hati. Usiunde String mpya humo. Fanya kazi moja kwa moja kwenye bafa ya CharTermAttribute, na tumia CharArraySet kwa orodha zako, maana hutafuta ndani ya safu ya herufi bila kunakili. Pima kwa JMH, chombo cha kupimia kasi ya msimbo wa Java, laptopu ikiwa kwenye umeme. Ikiwa kwenye betri mashine hupunguza mwendo na utalaumu msimbo usio na hatia. Ukishafika mahali kichanganuzi si kitu kinachochelewesha kuandika faharasa, acha. Hakuna aliyewahi kunipigia simu kuhusu milisekunde.

Hatua ya 8: Toa toleo ukiwa umeshiba

Sitoi toleo Ijumaa, wala usiku. Watumiaji wangu wako kwenye saa zangu, kwa hiyo natoa Jumanne asubuhi nikiwa na siku nzima ya kusikiliza simu.

Maven Central ni ghala la mtandaoni ambako maktaba za Java huchapishwa, na Sonatype ndio wanaoliendesha. Walifunga mlango wake wa zamani tarehe 30 Juni 2025. Sasa yote hupitia Central Portal. Ukitumia jina linaloanza na `io.github`, uthibitisho ni rahisi, huna haja ya kununua jina la tovuti. Utahitaji jari tatu, ya msimbo uliojengwa, ya chanzo na ya maelezo, na POM (faili la kueleza mradi) yenye jina, maelezo, anwani ya mradi, leseni, mwandishi na mahali chanzo kilipo. Kila faili lisainiwe kwa GPG, programu ya sahihi za kidijitali (jina lake kamili GnuPG). Kikikosekana kimoja utarudishwa.

Na ukishachapisha, umechapisha. Maven Central haifuti. Lile toleo langu la 1.2.1 bado liko huko na litabaki huko. Nilichoweza ni kutoa 1.2.2 iliyorudisha kisu cha zamani, na kuandika juu ya ukurasa wa mradi kwa herufi nzito kwamba 1.2.1 isitumike.

Kabla ya kubonyeza, igiza kwanza. Lucene wenyewe hutengeneza mgombea wa toleo, yaani toleo la kujaribiwa kabla ya kutangazwa, huita kura, husubiri saa 72 na kudai angalau kura tatu za ndiyo za wanakamati. Mimi sina kamati. Nina watu wawili: yule mwalimu wa Luanda, na fundi wa ile ofisi. Nawatumia mgombea siku tatu kabla. Mwalimu huangalia maneno mapya. Fundi huiwasha kwenye nakala ya faharasa yao halisi na kutafuta majina ya kaunti ndogo zote saba za hapa kwetu. Kisumu ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kati zimo humo, na anazitafuta za kwanza bila kukumbushwa.

Maelezo ya toleo yaandike kwa anayesoma akiwa amesimama. Mstari wa kwanza kabisa ujibu swali moja: je, faharasa iandikwe upya, ndiyo au hapana?

Hatua ya 9: Usiwe peke yako, lakini usigawe funguo ovyo

Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Aliyeuweka, akitumia jina la Jia Tan, alikuwa amesaidia mradi kwa miaka hadi akaaminiwa, huku akaunti nyingine zikimsukuma mtunzaji aliyechoka agawe madaraka. Andres Freund aliugundua kwa sababu ssh yake, programu ya kuingia kompyuta ya mbali, ilichelewa kama nusu sekunde. Nilipousoma mkasa ule sikumfikiria mhalifu. Nilimfikiria mtunzaji, na nikahesabu ujumbe nilionao ambao sijaujibu.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Kuunganisha msimbo kunahitaji macho ya watu wawili. Ruhusa ya kuunganisha naitoa kwa aliyekwisha kuchangia kwa muda na ambaye nimezungumza naye ana kwa ana. Tawi la K iliyofungwa haliguswi na yeyote, hata mimi. Ufunguo wa kusaini hauko kwenye laptopu ya kila siku. Na nimeandika ukurasa mmoja unaosema nikinyamaza miezi sita nani achukue, na jinsi gani.

GnuPG ya siku hizi hutengeneza cheti cha kubatilisha ufunguo mara unapouunda, na kukiweka kwenye folda ya `openpgp-revocs.d`. Wengi hawajui kipo. Changu nimekichapisha kwenye karatasi nikakipeleka nyumbani kwa wazazi, nje kidogo ya Maseno. Baba aliniuliza ni cha nini. Nikamwambia ni cha kuua sahihi yangu ikiibwa. Akakitazama upande wa mbele na wa nyuma, akakitia kwenye bahasha moja na hati ya shamba.